Mvuke waweza kugeuza vumbi la mbao kuwa mafuta ya gari, faida je?

YEYOTE anayesafiri kwa barabara kuu kutoka Iringa kwenda Mbeya lazima apite Mafinga, na akifika hapo hana haja ya kuambiwa kuwa wakazi wa eneo hilo wanaishi kwa mbao. Kando ya barabara kuna mbao zilizopangwa zikisubiri malori ya kwenda Dar es Salaam na kwingineko. Nyuma yake, kwenye viwanda na kando ya mashine ndogo za kuhamahama maarufu kwa jina la ding-dong, kuna malundo ya vumbi la mbao, maranda na mabanzi. Baadhi ya malundo hayo hufuka moshi siku nzima, kwa sababu mwenye nayo hajaona njia nyingine ya kuyaondoa zaidi ya kuyatia kiberiti.

Gogo la msindano, mti ambao wengi wanauita paina, likipita kwenye msumeno wa kiwanda kizuri hutoa mbao kiasi cha nusu ya ujazo wake. Kwenye mashine chakavu hupatikana chini ya hapo. Kinachobaki ni mali iliyopandwa, ikapaliliwa, ikalindwa dhidi ya moto kwa miaka mingi, kisha ikaishia kuwa majivu.

Kwa hiyo si ajabu kwamba kila bei ya petroli inapopanda hujitokeza mtu mwenye wazo la kugeuza taka hizo kuwa mafuta ya kuendeshea magari. Wazo lenyewe si ndoto. Mbao zinaweza kutoa ethanoli, ile spiriti inayochanganywa na petroli, na chombo kikuu cha kufanikisha jambo hilo ni mvuke wa maji. Hakuna uchawi wala siri ndani yake, na karibu karne moja imepita tangu mvuke huo uanze kutumika viwandani.

Tatizo ni kwamba viwanda vingi vilivyojengwa kwa ajili ya kazi hiyo, katika nchi zenye fedha na wataalamu kuliko sisi, vimefungwa. Mwenye shamba la miti au kiwanda cha mbao anayefuatwa na mwekezaji akiwa na makabrasha ya kuvutia anapaswa kujua ni kwa nini.

Kama bisi kwenye sufuria

Mtu aliyewahi kukaanga bisi anaujua mvuke huu bila kuambiwa. Ndani ya punje ya mahindi kuna maji kidogo. Punje ikipata moto hadi nyuzi joto kama 180 za Selsiasi, maji hayo huwa mvuke wenye nguvu unaokosa pa kutokea, mpaka ganda linashindwa na punje inapasuka. Ilikuwa ngumu kiasi cha kuvunja jino, sasa hata mtoto asiye na meno anaila.

Kwenye mbao kazi ni hiyo hiyo, ila ganda la mbao ni gumu zaidi. Fundi ujenzi ataelewa haraka akiambiwa kuwa mti umejengwa kama nguzo ya zege. Nondo zake ni selulosi, nyuzi ndefu za sukari zilizofungamana, ambazo ni kati ya asilimia 40 na 50 ya uzito mkavu wa mti. Waya wa kufungia nondo ni hemiselulosi, nayo ni sukari lakini iliyoungana kwa ulegevu. Zege lenyewe ni lignini, gundi ngumu isiyo na sukari hata kidogo, ambayo kwa kawaida ni robo ya uzito au zaidi kidogo.

Hamira inayotengeneza pombe haiwezi kula nondo hizo zikiwa ndani ya zege. Kwanza sukari ikatwe vipande vidogo na vimeng'enya, na vimeng'enya navyo haviwezi kupenya mpaka zege lipasuliwe. Ukichukua vumbi la mbao bichi ukalimwagia vimeng'enya vya bei mbaya kuliko vyote duniani, baada ya siku kadhaa utakuwa na vumbi la mbao lililoloa.

Hapo ndipo mvuke unapoingia. Vipande vidogo vya mbao hujazwa kwenye tangi la chuma nene, kisha hupigwa mvuke wa nyuzi joto kati ya 180 na 230 kwa dakika chache. Kwa nyuzi joto 200, mvuke uliokolea huwa na mgandamizo wa bar 15 na nusu hivi. Tairi ya gari dogo hujazwa upepo wa bar 2 au zaidi kidogo, na dereva yeyote anajua mshindo wa tairi hiyo ikipasuka. Muda ukitimia, valvu hufunguliwa ghafla. Maji yaliyokuwa ndani ya mbao hugeuka mvuke kwa mara moja na kuzichana nyuzi kutoka ndani. Kilichoingia kikiwa vipande vigumu hutoka kikiwa uji mzito wa kahawia wenye harufu ya siki.

Harufu hiyo ya siki haitokani na kitu kilichoongezwa. Mbao zenyewe zina chembechembe ambazo zikipata joto na maji hutoa asidi ileile iliyomo kwenye siki ya dukani, na asidi hiyo ndiyo inayokata waya wa kufungia nondo. Utafiti umeonyesha kuwa sehemu kubwa ya kazi hufanywa na kupika huko, wala si mlipuko wa mwisho unaovutia macho ya wageni wanaotembelea kiwanda. Lignini nayo huyeyuka kwa joto, ikasogea na kuganda tena kama matone, na kuacha selulosi wazi.

Ni kazi inayotaka kipimo. Joto likiwa dogo, vimeng'enya havipenyi. Likizidi, au mbao zikikaa tangini kupita muda, sukari yenyewe huanza kuungua na kutoa sumu kama vile fufurali, ambazo huidhoofisha au kuiua hamira. Mpishi wa ubuyu anajua umbali kati ya sukari iliyokolea na sukari iliyoungua ni wa dakika moja. Kwenye tangi la tani kadhaa, dakika hiyo ni fedha nyingi.

Kwa msomaji wa Mufindi au Njombe kuna jambo jingine muhimu, kwamba miti haifanani. Mikaratusi, kama ile inayokatwa nguzo za umeme, ina chembechembe nyingi za kutoa siki, kwa hiyo mvuke mtupu huitosha. Misindano inazo chache. Ili mvuke uifungue vizuri, viwanda huongeza gesi ya salfa au asidi ya salfa iliyozimuliwa, ambayo ni asidi ileile ya betri. Hiyo ina maana ya chuma cha pua cha gharama kubwa, mabomba yanayoliwa na kutu, na wafanyakazi wanaohitaji vifaa vya kujikinga. Na malundo mengi ya vumbi tuliyonayo ni ya misindano.

Yalianzia kwenye hadibodi

Aliyeuleta mvuke huu viwandani hakuwa na mawazo ya mafuta. Alikuwa William H. Mason, mhandisi wa Marekani aliyewahi kufanya kazi na Thomas Edison. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 alikuwa Laurel, mji wa viwanda vya mbao katika jimbo la Mississippi, na kilichomuudhi ni kile kile kinachomuudhi msafiri wa Mafinga, yaani milima ya mabaki ya misindano inayochomwa.

Mason alijaza vipande vya mbao kwenye mtungi wa chuma aliouita bunduki, akaupandisha mvuke hadi kiasi cha bar 70 kwa sekunde chache, kisha akaufungua. Zilitoka nyuzi laini kama sufi. Inasimuliwa kuwa siku moja aliacha nyuzi hizo kwenye mashine ya kugandamiza akaenda kula, valvu iliyovuja ikaendelea kuipasha moto, na aliporudi akakuta ubao mwembamba, mgumu, usiohitaji gundi. Lignini iliyoyeyuka ilikuwa imeushika. Kampuni yake ilianzishwa mwaka 1925 na baadaye ikaitwa Masonite. Hadibodi zinazofunika migongo ya makabati yetu hadi leo ni wajukuu wa ubao ule.

Mchumi ataona jambo moja katika kisa hicho. Mason hakuhitaji vimeng'enya, hamira wala mtambo wa kukenekesha. Alitumia mbao yote, lignini ikiwemo, akauza kitu ambacho bei yake haikupangwa na nchi zinazochimba mafuta.

Miaka 50 baadaye, nchini Kanada, kampuni ya Stake Technology iliyoanzishwa mwaka 1973 ilichukua mvuke huohuo na kutaka kuutumia kulisha ng'ombe, kwa hoja kwamba tumbo la ng'ombe lina vijidudu vinavyoweza kula selulosi ikishafunguliwa. Kisayansi jambo hilo linawezekana. Kibiashara, kampuni hiyo ilihamia polepole kwenye vyakula, mwaka 2003 ikabadili jina na kuwa SunOpta, na mwaka 2010 ikauza kitengo chake cha mvuke kwa kampuni nyingine. Waliobaki na biashara iliyodumu ni wale waliouza chakula.

Kutoka Örnsköldsvik hadi Bagamoyo

Watanzania wengi hawajui kuwa hadithi hii ya mbao na mvuke iliwahi kufika pwani yetu, ingawa ilifika ikiwa imebadili nguo.

Kaskazini mwa Uswidi kuna mji mdogo wa Örnsköldsvik, wenye misitu ya miti ya ukanda wa baridi iliyo jamaa ya misindano yetu. Kiwanda cha Domsjö cha mji huo kilianza miaka ya 1940 kutoa ethanoli kutokana na maji yanayobaki baada ya kupika mbao. Mwaka 2004 ulizinduliwa hapo mtambo wa majaribio wa kutengeneza ethanoli moja kwa moja kutokana na mbao, uwezo wake ukiwa tani mbili za mbao kavu kwa siku. Kampuni iliyojulikana zaidi kwa kazi hiyo ilikuwa SEKAB, ambayo miongoni mwa wamiliki wake walikuwa makampuni ya nishati ya halmashauri za miji ya kaskazini mwa Uswidi.

Ni SEKAB hiyo hiyo iliyokuja Tanzania katikati ya miaka ya 2000, wakati ambapo mibono ilikuwa ikipigiwa debe Kisarawe na Kilwa, na kila kongamano la uwekezaji lilikuwa na mada ya nishati ya mimea. Kampuni hiyo ilielekeza macho Rufiji na Bagamoyo, hasa kwenye eneo la Razaba, iliyokuwa ranchi ya Zanzibar, lenye zaidi ya hekta 20,000.

Swali ambalo wachache waliliuliza wakati ule ni hili: kampuni yenye sifa ya kugeuza mbao kuwa ethanoli ilipofika kwenye nchi yenye misindano mingi Mufindi, kwa nini iliomba ardhi ya kulima miwa?

Jibu si gumu. Miwa ikikamuliwa hutoa juisi ambayo hamira inaweza kuianza mchana huohuo. Hakuna tangi la bar 15, hakuna gesi ya salfa, hakuna vimeng'enya vya kuagiza ng'ambo, na makapi yake huchomwa kwenye boila kuendesha kiwanda kizima. Kwa nchi ya joto, muwa umeshafanya bure kazi ambayo Waswidi walikuwa wakiifanya kwa mvuke kwa sababu tu kwao muwa hauoti.

Hata hivyo, muwa nao haukufika popote. Bei ya mafuta ghafi duniani iliyogonga Dola 147 za Marekani kwa pipa Julai 2008 ilikuwa imeporomoka hadi kwenye Dola 30 na ushei kufikia Desemba mwaka huohuo. Mabenki yaliyumba. Mwaka 2009 SEKAB iliuza shughuli zake za Tanzania, na mradi ukaendelea chini ya jina la EcoEnergy, sasa ukizungumzia sukari zaidi kuliko mafuta. Mwaka 2016 serikali ilifuta hati ya ardhi, na sehemu ya eneo ikapewa kundi la Bakhresa, ambalo leo lina kiwanda cha sukari hapo Bagamoyo. Wawekezaji walikwenda kwenye usuluhishi wa kimataifa wa migogoro ya uwekezaji, ICSID, na mwaka 2022 Tanzania ikaamriwa kulipa zaidi ya Dola milioni 160.

Sukari ndiyo inayozalishwa sasa kwenye ardhi iliyoombwa kwa ajili ya ethanoli. Fedha za amri ile, hata kwa aliyesoma uchumi kidogo, zingejenga barabara nyingi za vumbi za kutolea mbao msituni.

Sheria ya Bush na ukimya uliofuata

Wamarekani walijaribu njia nyingine, njia ya amri. Desemba 2007 Rais George W. Bush alitia saini sheria ya nishati iliyotaka nchi hiyo itumie mafuta yanayotokana na selulosi, yaani mbao, mabua na majani, galoni milioni 100 mwaka 2010, na kupanda hadi galoni bilioni 16 mwaka 2022. Hizo za mwisho ni zaidi ya lita bilioni 60.

Mwaka 2010 ulipofika, mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo ililazimika kushusha kiwango kutoka galoni milioni 100 hadi milioni 6.5, na hata hizo hazikupatikana. Sheria ilikuwepo, wanunuzi walilazimishwa, mikopo ilitolewa, lakini mafuta hayakuonekana.

Viwanda vilivyofuata vilikuwa na maisha mafupi. Abengoa ya Uhispania ilizindua kiwanda Hugoton, Kansas, Oktoba 2014, kikitumia mabua, na kabla ya mwaka 2016 kuanza kilikuwa kimesimama. Mississippi, jimbo lilelile la Mason, liliikopesha kampuni ya KiOR Dola milioni 75 bila riba ili itengeneze mafuta kutokana na misindano pale Columbus. KiOR haikutumia mvuke, ilitumia joto kavu na kichocheo, lakini ilifilisika mwaka 2014 kama wengine.

Ulaya haikuwa na bahati zaidi. Kiwanda cha Crescentino, Italia, kilichozinduliwa mwaka 2013 kikitumia mvuke kufungua mabua na matete, kilisimama mwaka 2017 baada ya wenye nacho kuingia kwenye matatizo ya fedha, na kikanunuliwa na kampuni tanzu ya Eni mwaka uliofuata. Clariant ya Uswisi ilimaliza kujenga kiwanda cha Podari, Romania, mwaka 2021. Hiki kilikuwa kizuri kwenye karatasi: mvuke mtupu bila kemikali, tani 250,000 za mabua ya ngano kwa mwaka, tani 50,000 za ethanoli. Desemba 2023 kampuni ilitangaza kukifunga.

Katika orodha hiyo ndefu, hakuna aliyesema kuwa alishindwa kwa sababu mvuke ulikataa kufungua nyuzi. Mvuke ulifanya kazi yake kama ulivyoifanya Laurel.

Malori 137 kwa siku

Tuziangalie takwimu za Podari kwa macho ya mtu wa Mafinga. Tani 50,000 kutoka tani 250,000 ni sehemu moja kwa tano. Kwa lita, tani moja ya malighafi kavu inatoa ethanoli kama lita 250. Mbao haziko mbali na hapo: wakemia wakipiga hesabu ya sukari yote iliyomo kwenye msindano hupata karibu lita 400 kwa tani, lakini hiyo ni hesabu ya ubaoni, na kiwanda kinachopata kati ya 200 na 300 kina haki ya kujisifu.

Lita moja ya ethanoli ina nguvu kama theluthi mbili za lita ya petroli. Kwa hiyo lita 250 hufanya kazi ya lita 165 hivi za petroli. Tani ileile ya mbao kavu ikichomwa kwenye boila hutoa joto mara tatu hadi nne ya lililomo ndani ya ethanoli hiyo. Kilichopotea njiani ni lignini isiyogeuka pombe, gesi inayotoka hamira ikifanya kazi, na sukari isiyokamatwa. Lignini inaweza kuchomwa ili kuendesha kiwanda, na ndivyo wanavyofanya, lakini haiendi kwenye tangi la gari.

Sasa usafiri. Vumbi la mbao lililotoka kwenye msumeno ni bichi, na kwa uzito nusu yake ni maji. Lori la tani 10 limebeba tani 5 za mbao. Kiwanda cha ukubwa wa Podari kingehitaji safari 50,000 za lori la namna hiyo kwa mwaka, ambazo ni 137 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, masika na kiangazi. Anayezijua barabara za ndani za Mufindi mwezi Machi, lori likiwa limezama hadi ekseli, anaweza kumalizia hesabu mwenyewe.

Kwa nini basi wasijenge kiwanda kidogo? Kwa sababu tangi la mgandamizo, mtambo wa kukenekesha na wahandisi wa kuviangalia havipungui bei kwa kiwango sawa na ukubwa. Kiwanda cha nusu ya ukubwa hugharimu zaidi ya nusu ya fedha. Hapo ndipo biashara hii inapobanwa: ikiwa kubwa, malighafi inatoka mbali, ikiwa ndogo, kila lita inabeba deni kubwa.

Kuna kosa jingine ambalo makabrasha ya wawekezaji hurudia, nalo ni kuandika bei ya malighafi kuwa sifuri kwa kuwa ni taka. Vumbi la mbao ni taka mpaka siku atakapokuja mnunuzi. Hata sasa wafugaji wa kuku hununua maranda ya kutandika mabandani, wachoma matofali huchukua mabanzi, na viwanda vya chai vina boila zinazohitaji kuni. Mwenye ding-dong si mjinga. Akiona malori 137 yanaingia mjini atapandisha bei siku hiyohiyo, na atakuwa na haki.

Aidha, mshindani wa ethanoli ya mbao hapa kwetu si petroli peke yake. Kuna molasi. Kila kiwanda cha sukari kinayo, ni sukari iliyokwisha kuwa majimaji, na kiwanda cha Kilombero kilijenga mtambo wa kuigeuza kuwa spiriti. Kenya iliwahi kuchanganya ethanoli na petroli jijini Nairobi katika miaka ya 1980, ethanoli hiyo ikitoka Muhoroni kwenye ukanda wa miwa. Na huko mradi uliposimama, haikuwa kwa kukosa ufundi. Ambaye hajaweza kupata faida kwa molasi asitarajie kuipata kwa vumbi la msindano.

Mvuke usiosafiri mbali

Haya hayamaanishi kuwa malundo ya Mafinga yaendelee kuchomwa. Yapo matumizi ya mvuke ambayo njia yake ni fupi, na kadiri njia inavyokuwa fupi ndivyo hesabu zinavyokubali.

Njombe wanao mfano wao. Kampuni ya TANWAT, ambayo huchukua magome ya miwati kwa ajili ya dawa ya kulainishia ngozi, ilibaki na magogo yaliyomenywa. Katika miaka ya 1990 ilijenga kituo cha umeme cha megawati 2.5 kinachochoma mabaki hayo kwenye boila. Hapo mvuke haufungui nyuzi wala hautafuti sukari. Unazungusha jenereta, na malighafi haitoki nje ya shamba.

Njia ya pili ni vitonge vyeusi. Mbao zilizopitishwa kwenye mvuke wa mgandamizo zikikaushwa na kushindiliwa hutoa vitonge vigumu, vinavyovumilia mvua kuliko vile vya kawaida na vinavyosagika kama makaa ya mawe, kwa sababu lignini iliyoyeyuka huvifunika kama rangi. Ni ujuzi wa Mason tena. Havihitaji hamira, na hakuna kinachotupwa. Lakini hapa pia umbali una neno. Mwaka 2015 kituo cha umeme cha Thunder Bay huko Ontario, Kanada, kilichokuwa kikitumia makaa ya mawe hapo awali, kilianza kutumia vitonge vya aina hiyo vilivyosafirishwa kutoka Norwe, ng'ambo ya bahari, hali jimbo lenyewe limejaa misitu. Mwaka 2018 kituo hicho kilifungwa.

Kwa Tanzania soko la nishati ya kupikia lipo wazi kuliko la mafuta ya magari, hasa baada ya agizo la serikali la kuzitaka taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kuacha kuni na mkaa, lililoanza kutekelezwa mwaka 2024. Mkaa mbadala wa vumbi la mbao hautaki tangi la bar 15. Unataka mashine ya kushindilia, mahali pakavu, na shule au kituo cha afya kilicho karibu kinacholipa kwa wakati. Hilo la mwisho ndilo limewaumiza wengi.

Na kama mwekezaji wa ethanoli atakuja hata hivyo, mwenye kiwanda cha mbao hana sababu ya kumfukuza, ila asikubali kuwa ndiye anayebeba hatari. Usafiri uwe wa mnunuzi. Mkataba ueleze bei itakuwaje mafuta ghafi yakishuka kama yalivyoshuka mwaka 2008, na malipo yafanyike mzigo unapopimwa, si kiwanda kitakapoanza kupata faida. Asitoe ardhi kama mchango wake wa hisa kabla ya kuona tangi la mvuke limesimama na linafanya kazi.

Kipimo cha kwanza hakihitaji mtaalamu. Jaza debe vumbi bichi lililotoka kwenye msumeno asubuhi hiyo, lipime kwenye mizani, ulianike juu ya turubai kwenye jua kali kwa siku kadhaa huku ukiligeuza, kisha lipime tena. Kilo 6 zikibaki 3 na ushei, na huwa hivyo kwa msindano mbichi, basi tani inayotajwa kwenye mkataba iandikwe wazi kama ni tani mbichi au kavu. Makabrasha mengi hutaja tani tu.